Waingereza wa Yakusu hawakutufundisha Kingereza

Wahitimu wenzangu, na ninyi wadogo zetu mlio bado kwenye auditori, leo siandiki juu ya mihogo. Naandika juu ya kusoma.

Jioni moja mwaka jana, kijana mmoja wa seminari alikuja kwetu Mangobo na fotokopi mkononi, kurasa kumi na mbili. Ni mdogo wangu wa mtaa, wazee wetu wanatoka upande mmoja wa mto, chini ya Yakusu. Profesa alikuwa amempa kurasa hizo azitayarishe kwa semina. Zote kwa Kingereza.

"Yaya," akaniambia, "hii Kingereza nasoma yote, lakini sisikie kitu."

Nikamwambia asome mstari wa kwanza. Akasoma vizuri tu, sauti nzuri, hata kunishinda mimi. Nikamuuliza: huyu mtu anasema nini? Kimya. Miaka sita ya Kingereza kwenye sekondari, halafu mwaka mzima wa masomo ya jioni ya kuongea, na ukurasa mmoja ulikuwa bado umefungwa kwake kama mlango wa chuma.

Nikageuza fotokopi nione mwandishi. Ilikuwa kitabu cha John Carrington juu ya ngoma zinazosema za Afrika, kilichotoka mwaka 1949. Hapo nikacheka kidogo, halafu nikaacha kucheka. Carrington alikuwa mmisionari wa Yakusu. Ngoma anayoieleza sana ni ya Walokele. Na babu ya huyu mdogo wangu, katika ujana wake, alikuwa mpiga ngoma. Yaani mjukuu wa mpiga ngoma alikuwa anashindwa kusoma kitabu cha ngoma ya babu yake, kilichoandikwa na mtu aliyeishi kilomita kama 20 tu kutoka hapa.

Swali lilinikaa kichwani siku nyingi. Waingereza waliishi Yakusu miaka na miaka. Mbona Kingereza chao hakikubaki?

Tuanze na namna lugha zilivyofika mjini kwetu. Stanley alipita kwenye maporomoko haya mwaka 1877, na mwisho wa 1883 akarudi kuweka kituo. Mwaka 1887 Tippu Tip, mfanyabiashara wa Unguja, alifanywa gavana wa Stanley Falls kwa jina la Dola Huru la mfalme Leopold. Watu wake walikuwa wamekwisha kuleta Kiswahili, pamoja na biashara ya pembe na ya watumwa. Njo hiki Kiswahili ninachoandika. Kifaransa kilikuja na Dola lile lile, pamoja na kodi ya mpira. Kilingala kilipanda mto na meli na askari. Nasema haya mapema ili mtu asifikiri nakuja kuhubiri Kingereza kama Injili. Hakuna lugha ya wageni iliyofika Kisangani na mikono safi. Lakini wazee wetu walizichukua, wakazifanyia kazi yao. Leo mtu wa hapa anaomba chakula kwa Kiswahili, anabishana bei kwa Kilingala, anajibu mtihani kwa Kifaransa, na kwa babu yake anarudia Kilokele, Kikumu, Kimbole ao Kitopoke. Nani atamwambia mtu kama huyo kwamba lugha ya tano haiwezekani?

Sasa Yakusu. Mission ya Wabaptisti wa Uingereza, BMS, ilifunguliwa pale katika miaka ya 1890. Hawa walikuwa Waingereza wa kweli. Barua za kwao waliandika kwa Kingereza, na vitabu vyao juu yetu vilichapwa Uingereza. Mmoja wao, H. Sutton Smith, alitoa kitabu kizima juu ya Yakusu mwaka 1911. Daktari Clement Chesterman alifika mwaka 1920, akajenga kazi kubwa ya kupambana na ugonjwa wa malale, na hospitali ya Yakusu ingali ipo.

Lakini darasani walifundisha nini? Kwanza Kilokele. Hiyo ilikuwa imani yao: Mkristo asome Maandiko kwa lugha inayomfikia moyoni. Waliandika Kilokele, wakatafsiri, wakachapa. Kulikuwa hata na gazeti la Kilokele, Mboli ya Tengai. Halafu Kifaransa. Tangu 1908 nchi ilikuwa koloni la Ubelgiji, na diploma ya muuguzi ilikuwa diploma ya serikali. Madaktari wa mission wenyewe walipaswa kupita Ubelgiji kujifunza Kifaransa kabla ya kuja. Tena mission za Wakatoliki zilianza kupata pesa za serikali kwa shule zao katika miaka ya 1920, na Waprotestanti wakangoja hadi baada ya Vita Kuu ya Pili. Mimi nadhani mgeni wa namna hiyo, Mprotestanti na Mwingereza ndani ya nyumba ya Mbelgiji, hakuwa na haraka ya kuonekana anapanda Kingereza kati ya watu.

Basi Kingereza kilibaki kwenye meza ya wamisionari. Sisi tulikuwa ndani ya vitabu vyao, lakini hatukuwa wasomaji wa vitabu hivyo. Na si wamisionari peke yao. Joseph Conrad alifika Stanley Falls kwa meli mwaka 1890, na hadithi aliyoitoa 1899 ilifanya mto wetu ujulikane dunia nzima kama mahali pa giza. V. S. Naipaul aliandika mwaka 1979 juu ya mji ulio kwenye kona ya mto. Hakuutaja jina, lakini yeyote aliyewahi kuvuka kwa pirogi kwenda Lubunga anautambua. Mji wetu umejadiliwa kwa Kingereza zaidi ya miaka mia, na wengi wetu hatujui tumeambiwa nini.

Sasa twende upande wa Wakatoliki, juu pale kuna kitu nilichojifunza ambacho sikukitegemea.

Padri Gabriel Grison, wa Mapadri wa Moyo Mtakatifu, alifika Falls mwishoni mwa 1897, akaanzisha mission ya Saint-Gabriel. Katika Kanisa lake lugha ya masomo ya upadri haikuwa Kifaransa wala Kiswahili. Ilikuwa Kilatini. Stefano Kaoze, mtoto wa kusini kule upande wa ziwa Tanganyika, alipita njia hiyo hadi akapewa upadri mwaka 1917, wa kwanza katika Kongo ya Wabelgiji. Hata kabla ya hapo, miaka ya 1910 na 1911, maandishi yake juu ya saikolojia ya Wabantu yalikuwa yamechapwa kwa Kifaransa. Kijana aliyezaliwa katika lugha ya kijijini alisoma kwa Kilatini na akaandika kwa Kifaransa, katika muda usiofika miaka thelathini.

Mimi si Mlatini, lakini nilikaa na padri mzee mmoja aliyefundishwa kwa njia ile, nikamuomba anieleze walivyokuwa wanasoma. Nilitegemea hadithi za fimbo. Akanieleza kazi ya fundi.

Kilatini hakina soko. Hakuna redio ya Kilatini, hakuna shangazi wa kumsalimia kwa Kilatini. Kwa hiyo mwalimu hakuanza na "umeamkaje?" Alianza na sentensi iliyoandikwa. Kitenzi kiko wapi? Nani anatenda? Nani anatendwa? Tazama mwisho wa neno, usikimbilie maana. Andika kwa penseli pembeni. Soma tena. Sentensi moja ingeweza kula nusu saa, na hakuna aliyecheka. Baada ya miaka michache, kijana ambaye asingeweza kuomba glasi ya maji kwa Kilatini aliweza kukaa peke yake na kitabu cha Thoma wa Akwino, mtu aliyekufa mwaka 1274, na kufuata wazo lake hadi mwisho.

Mnaona jambo lenyewe? Kusoma lugha na kuongea lugha ni kazi mbili. Zinasaidiana, ndiyo, lakini unaweza kuanza na moja bila kungoja nyingine. Seminari ilijua hivyo.

Halafu tukasahau. Tarehe 22 Februari 1962, Papa Yohane XXIII alitoa hati, Veterum Sapientia, akitaka Kilatini kiendelee kutumika katika masomo ya seminari. Mwaka ule ule, mwezi wa Oktoba, Mtaguso ulianza, na mwaka 1963 ukafungua mlango wa lugha za watu katika liturujia. Kwa muda mfupi Kilatini kikatoka. Tulifurahi kusali kwa lugha zetu, na tulikuwa na haki. Lakini nadhani tulipotoa ile lugha ya zamani nje, tulitoa pia ule ufundi wa kusoma polepole. Kifaransa kikashika mahali pote, na kwa kuwa tulikuwa tunakiongea, tukadhani tunakisoma pia.

Mwaka ule ule wa 1963, Makanisa ya Kiprotestanti yalifungua Universite Huru ya Kongo hapa hapa Stanleyville, na teolojia ilikuwamo. Haikupata hata mwaka mmoja wa amani. Agosti 1964 Simba walishika mji, universite ikakimbilia Léopoldville kabla ya kurudi. Mwaka 1971 serikali ya Mobutu iliunganisha universite zote kuwa moja, UNAZA. Baadaye teolojia ikaondolewa katika shule za serikali, na ile ya Waprotestanti ikaendelea peke yake Kinshasa. Kampasi yetu ikawa UNIKIS mwaka 1981. Carrington mwenyewe, mtu wa ngoma, alifundisha kwenye kampasi hii. Makanisa yenye asili ya Uingereza na Marekani yalikuwa na mkono katika kuzaliwa kwake. Na bado lugha ya kazi ilikuwa Kifaransa.

Siwalaumu wazee. Wakati ule Kifaransa kilitosha, na hapa naongea kama mtu wa mashamba. Kituo cha INEAC kilianzishwa 1933, na Yangambi, kilomita kama 100 chini ya mto kutoka hapa, ikawa moyo wake. Mwaka 1941 watafiti wawili wa pale, Beirnaert na Vanderweyen, walieleza siri ya mchikichi. Ule wenye ganda nene ukikutanishwa na ule usio na ganda, watoto wao wanakuwa na ganda jembamba na nyama nyingi ya mafuta. Mashamba makubwa ya Malaysia na Indonesia yamesimama juu ya elimu hiyo. Na iliandikwa kwa Kifaransa. Mwingereza wa Malaysia aliyetaka kuijua alilazimika kufungua kamusi. Alifungua, akasoma, akapanda, akatajirika. Hakungoja kwanza ajue kuagiza kahawa kwa Kifaransa.

Baada ya vita upepo uligeuka. Marekani ilikuwa na pesa, maabara na mashirika, na makala za elimu zikazidi kuhamia Kingereza. Leo mwanafunzi wa mihogo Kisangani na mwanafunzi wa teolojia Kisangani wana shida moja: kitu kipya wanachotakiwa kujua kimeandikwa kwa lugha ambayo wamefundishwa kuiongea kidogo, na hawakufundishwa kuisoma.

Mimi nililipa bei yangu. Kazi yangu ya kumaliza lisansi ilikuwa juu ya ugonjwa wa mozaiki wa mihogo. Nilipata makala moja nzuri ya Kingereza, nikaitumia. Mwandishi alisema mimea fulani "eventually" ilikufa. Mimi nikaona neno hilo, nikamuona ndugu yake wa Kifaransa, "éventuellement", nikaandika kwamba mimea hiyo huenda ikafa. Siku ya kutetea, mjumbe mmoja wa juri alikuwa ameisoma makala ile. Akaniuliza polepole: "Ilikufa, ao ilikuwa inafikiri kufa?" Watu wakacheka. "Eventually" ni mwishowe. Mimea ilikufa kweli, yote, na mimi nilikuwa nimeifufua kwa kalamu. Mahesabu yangu yote ya sura ile yalisimama juu ya neno moja. Nilipita, lakini na alama za aibu, na nikarudi nyumbani kwa miguu, sikutaka hata toleka.

Njo maana mdogo wangu alipokuja na fotokopi sikumwambia "nenda ukajifunze Kingereza kwanza." Nilimwambia: kaa chini.

Kitu cha kwanza nilichomuonyesha ni historia, juu ndiyo iliyoniondolea mimi woga. Mwaka 1066 watu wa Normandie, kutoka Ufaransa, waliishinda Uingereza. Karibu miaka mia tatu wakubwa wa nchi ile waliongea Kifaransa, na ilikuwa 1362 ndipo sheria iliruhusu kesi zisemwe kwa Kingereza mahakamani. Mchungaji wa ng'ombe alikuwa mtu wa chini, basi mnyama akiwa malishoni anaitwa "cow", jina la kwao. Aliyekula nyama alikuwa mkubwa, basi ikifika mezani inaitwa "beef", yaani "bœuf". Kanisa, sheria, shule na serikali vilijaa maneno ya Kifaransa na ya Kilatini. Maana yake nini kwetu? Kingereza cha barabarani ni kigumu kwetu, lakini Kingereza cha vitabu kimejaa jamaa zetu. Tulichukua penseli, tukapiga mstari chini ya kila neno ambalo mdogo wangu alilijua tayari kupitia Kifaransa: "tradition", "communication", "language", "message", "distance". Ukurasa ule aliosema hasikii kitu ulikuwa na mistari kila mahali. Alishangaa mwenyewe. Kumbe alikuwa nusu ndani ya nyumba.

Kisha nikamuonyesha maneno ya kutuhadaa, nikianza na lile lililoniaibisha. Tuliyaandika kwenye karatasi ya kando. "Actually" si "actuellement", maana yake kwa kweli. "Library" si mahali pa kuuza vitabu, ni mahali pa kuviazima. Jamaa wengi, ndiyo, lakini katika kila ukoo kuna wadanganyifu wachache, na inabidi uwajue kwa majina.

Kilichobaki kilikuwa kigumu zaidi: vineno vidogo. Na hapa Carrington mwenyewe alitusaidia, ama niseme Walokele walitusaidia kupitia kwake.

Anaeleza kwamba Kilokele kina sauti ya juu na ya chini, na maana inafuata sauti. Ngoma ya mti inatoa sauti hizo mbili tu, haitoi herufi. Sasa neno la mwezi na neno la kuku yana sauti sawa. Ukipiga neno peke yake, mtu wa kijiji cha pili atajuaje kama unamtangazia mwezi ao kuku? Kwa hiyo mpiga ngoma hapigi neno peke yake. Anaongeza maneno yanayolifuata daima: mwezi na sifa zake, kuku na sifa zake. Ujumbe unakuwa mrefu, lakini hauchanganyi mtu.

"Mdogo wangu," nikamwambia, "Kingereza cha vitabu iko hivyo hivyo." Chukua "since". Peke yake hulijui: ni tangu, ao ni kwa sababu? Chukua "while": ni wakati, ao ni ingawa? Kamusi itakupa zote mbili na kukuacha njiani. Majirani wa neno ndio wanaosema. Ukiona mwaka baada ya "since", mara nyingi ni tangu. Ukiona hoja nzima, fikiri kwa sababu. Babu yako hakusikiliza pigo moja, alisikiliza hadi mwisho wa usemi. Wewe pia usisimame kwenye neno, fika kwenye nukta.

Tulifanya Jumamosi nne. Mara mbili umeme ulikatika, tukaendelea na taa ya simu. Desturi yetu ilikuwa hivi. Kwanza, mdomo umefungwa, hakuna kusoma kwa sauti. Soma kichwa cha habari, sentensi ya kwanza ya kila fungu, na fungu la mwisho, halafu andika kwa Kiswahili mstari mmoja: huyu mtu anataka kusema nini? Pili, tafuta kitenzi na mwenye kitenzi, kama vijana wa Kilatini. Tatu, zungushia vineno vinavyogeuza njia: "but", "yet", "although", "therefore", "unless". Hapo ndipo mwandishi anapiga kona, na usipomfuata kwenye kona utaendelea moja kwa moja hadi mtoni. Nne, kamusi, lakini maneno matano tu kwa ukurasa, yale yanayorudi mara nyingi. Tano, funga karatasi na umueleze mtu ambaye hakuisoma, kwa lugha ya nyumbani. Ukishindwa kueleza, bado hujasoma.

Jumamosi ya kwanza, kurasa mbili zilituchukua saa tatu. Ya nne, alisoma kurasa nne peke yake nikiwa napika lituma.

Najua mtasema: simu inatafsiri. Kweli, na mimi naitumia. Lakini nani atajua simu ikikosea? Mimi nilikuwa simu ya namna hiyo siku ile mbele ya juri. Wengine watasema: vitabu hivi vitafsiriwe kwa Kifaransa na kwa Kiswahili. Hapo nakubali kwa mikono miwili. Lakini mtafsiri ni nani kama si mtu aliyekwisha kujifunza kuvisoma?

Na kuna vitu vinatungoja. John Mbiti wa Kenya, padri wa Kianglikana, aliandika mwaka 1969 kitabu kikubwa juu ya dini na falsafa za Waafrika, kwa Kingereza. Anapofika kwenye fikra ya wakati anachukua maneno mawili, na maneno hayo ni ya Kiswahili: Sasa na Zamani. Fikirini mseminari wa Kisangani anahangaika ndani ya Kingereza, mara anakutana na maneno ya mama yake yamekaa katikati ya ukurasa kama wenyeji. Na Bénézet Bujo, padri aliyezaliwa Drodro, Ituri, jirani zetu kabisa, alitoa kitabu chake juu ya teolojia ya Afrika mwaka 1986 kwa Kijerumani, na mwaka 1992 kikatoka kwa Kingereza. Mtoto wa Ituri alivuka lugha ngapi ili aseme juu ya mababu zetu? Sisi tunaombwa kuvuka moja.

Mdogo wangu alipita semina yake. Lakini si hiyo iliyonifanya niandike leo. Kabla ya semina alikwenda kumuona babu yake, akamueleza kwa Kilokele na Kiswahili kurasa zile kumi na mbili. Mzee alisikiliza hadi mwisho. Akasema yule mzungu alisikia vizuri. Halafu akasema, lakini kuku, sisi katika kijiji chetu, tulikuwa tunamuongezea maneno mengine. Akayapiga kwa vidole juu ya kiti, akayasema.

Kijana akatoa penseli, akayaandika pembeni mwa fotokopi. Niliiona kwa macho yangu: ukurasa wa Kingereza wa mwaka 1949, na kando yake mstari mmoja wa Kilokele, kwa mkono wa mjukuu. Carrington angefurahi. Mtu anayeweza kusoma njo anaweza pia kujibu.

Jumamosi ijayo tunaanza makala nyingine, ya kurasa nane. Mwenye yake ailete pia. Lituma itakuwepo.